Pikipiki Iliyokimbiza Buleusa

3 Septemba 1968, Masisi

Leo nimepewa pikipiki. Si mpya. Imepita mikononi mwa watu watatu kabla yangu na kila mmoja ameiachia ugonjwa wake. Nilipoiwasha uani, bomba la moshi likakohoa: pa, pa-pa. Édouard, mkubwa wetu wa kazi ya chanjo, ambaye hajawahi kukalia chochote chenye magurudumu mawili, akasema, "Itazoea, Papa Léonard."

Itazoea nini, hakusema.

Kazi ni kuchanja ndui. Nianze na vilima vya Karuba na Bihambwe, kisha niteremke upande wa Walikale hadi Buleusa. Mvua zimeanza. Nina miaka arobaini na sita na mgongo wa babu yangu. Adelaïde ameizunguka pikipiki, ameitazama juu na chini, akasema nimeoa mke wa pili, wa chuma, na huyu hatanipikia.

5 Septemba

Polycarpe ameikagua. Yeye ndiye fundi wa magari hapa Masisi, na kila mtu aliyewahi kushika usukani wilaya hii amefundishwa naye au ametukanwa naye. Kuhusu kile kikohozi akasema ni uchafu tu. Kuhusu petroli, ambayo tunapewa kidogo mno, alinifundisha ujanja wa vilimani.

"Ku mutelemuko unazima kontak," akasema akigusa ufunguo, kisha gia. "Unaacha vitesi ya pili ikamate. Pikipiki inatelemuka yenyewe, esansi haitoke hata tone. Ukifika chini unafungua kontak, inawaka. Sisi bote tunafanyaka vile."

Ni kweli, wote hufanya vile. Katika nchi hii ya kupanda na kushuka, nusu ya njia ni mteremko, kwa hiyo nusu ya safari ni bure. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kuku.

9 Septemba, Karuba

Nimeteremka kilima cha Karuba kwa ujanja wa Polycarpe. Kimya kabisa, upepo tu na matope. Chini, karibu na zizi la Gasana, nikafungua kontak.

Haikuwa kikohozi tena. Ulikuwa mshindo wa bunduki, mmoja, mzito, ukajibiwa na kilima cha pili. Ng'ombe wa Gasana wakatawanyika mikia juu. Ndoo ya maziwa ikamwagika. Na Libérata, mke wa Gasana, nilimkuta amelala kifudifudi majanini na mtoto wake chini ya tumbo.

Nikasimama pale na mkoba wangu wa chanjo. Libérata alipoinua kichwa na kuona ni mimi tu, na kipikipiki changu, na moshi wa kijivu ukitoka nyuma, alikaa chini akaanza kulia, kisha akanitukana kwa Kinyarwanda kwa muda mrefu. Sikuelewa yote. Niliyoelewa nilistahili.

Gasana, aliyeona vita mlangoni mwake, akasema, "Papa, hapa tulionaka bita. Hii sauti tunaijua."

Nikawachanja. Walitoa mikono.

10 Septemba, Bihambwe

Mvua. Mshindo tena chini ya mteremko. Mbuzi amekata kamba.

17 Septemba, Buleusa

Toka Masisi hadi hapa ni siku mbili, matope yakikubali. Kilima cha mwisho ni kirefu na kimefunikwa na miti. Huoni kijiji mpaka umalize kona ya mwisho. Nilizima kontak juu kileleni, nikaifungua chini kwenye kijito. Mshindo ukaenda bondeni ukarudi. Nikapiga kona.

Hakukuwa na mtu.

Kijiji kizima, nyumba zote wazi. Mchi umeanguka kando ya kinu, na sombe, majani ya muhogo, lililotwangwa nusu limo ndani. Nguo ya mtoto inaning'inia kwenye kamba, bado inadondosha maji. Kuku wananitazama. Niliita, "Ni Léonard wa chanjo! Ni dawa!" Nikasikia aibu kwa jinsi sauti yangu ilivyokuwa ndogo baada ya ile ya pikipiki.

Mzee mmoja alikuwa amekaa barazani anachonga mpini wa jembe. Aliponiona akatabasamu. Nilimsalimu, akaonyesha masikio yake na kutikisa kichwa. Kumbe ni kiziwi, hakusikia kitu, ndiyo sababu hakukimbia. Baadaye nilijua anaitwa Nzabandora. Nilimwonyesha sindano, akatoa mkono, akatazama chale zake kwa furaha kubwa. Huyo ndiye mtu pekee wa Buleusa niliyemchanja leo.

Nilingoja. Mbele ya nyumba mojawapo chungu cha maharagwe kilikuwa kinachemka juu ya mafiga. Saa zilipita, nikasikia harufu ya kuanza kuungua. Niliinuka nikachota maji kwenye mtungi mlangoni, nikaongeza, nikavuta kuni mbili nje ya moto. Nilifanya hivyo tena jua liliposhuka. Sijui chungu ni cha nani. Lakini maharagwe hayana kosa, na mtu aliyekimbia mvuani atarudi na njaa.

Nimelala kanisani juu ya benchi. Hawajarudi.

20 Septemba, njiani

Mchuuzi wa chumvi amenieleza ndui imeonekana ng'ambo ya mto, kwa watu wa machimbo. Anasema nyuso zao zimejaa. Watu wa Buleusa huenda huko kuuza mihogo.

Nimechoka na nimeogopa, vyote kwa pamoja.

28 Septemba, Masisi

Jumamosi nzima kwa Polycarpe. Tumetoa bujia, ile plagi ya cheche, imesuguliwa. Tumefungua kabureta, imeoshwa, nimepuliza vitundu vyake mpaka mdomo ukanuka petroli. Tumerekebisha platini za umeme wake. Nikaiwasha: pa, pa-pa. Vilevile.

Mimi ni muuguzi. Najua maana ya kumpa mgonjwa dawa tatu na homa isishuke. Maana yake hujajua ugonjwa.

4 Oktoba

Nilituma habari Buleusa kwa mchuuzi wa chumvi: msikimbie, ni mimi, ni chanjo. Jibu limekuja leo. Wanasema hata askari waliowavamia mwaka jana walisema wameleta dawa.



11 Oktoba, Buleusa

Safari hii nilitumia akili. Pikipiki niliiacha kwa shamasi katika kijiji kilicho nyuma ya kilima, nikapanda na kushuka kwa miguu, mkoba kichwani, mvua ikinipiga. Nilifika nimelowa mpaka kwenye mifupa.

Hakuna mtu. Mabonde ya huku hupokezana sauti. Walikuwa wamenisikia tangu mteremko wa nyuma, pale nilipofungua kontak. Walikuwa na muda wa kutosha kukimbia hata na mikeka.

Nzabandora alikuwepo. Alinikumbuka, akakunja shati, akatoa mkono tena. Nilimwonyesha kovu lake kwamba imetosha. Alisikitika.

Chungu kilikuwepo mahali pale pale. Nikatia maji. Nimeshakuwa mpishi wa Buleusa.

Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na hasira ikanijia, nakiri. Niliwaza: watu hawa ni wajinga, wanakimbia uzima wao. Kisha nikaona kando ya njia inayoingia msituni nyayo za watoto katika matope, ndogo, zimechimba kwa vidole vya mbele tu, za kukimbia. Hasira ikaisha. Uchovu ulibaki.

15 Oktoba, Masisi

Nimemweleza Édouard. Alisikiliza akizungusha kalamu. Kisha akasema, "Kama mwisho wa mwezi wa Novemba wewe haujawachanja, nitaomba basoda. Watazunguka pori, watawaleta bote ku mustari."

"Ni basoda njo banakimbia, Papa Édouard."

"Na ndui, Papa Léonard? Ndui itangojea woga yao iishe?"

Sikulala vizuri. Namwona mtu mgumu, lakini si mtu mbaya. Nduguye mwenyewe uso wake una mashimo ya ndui. Hiyo ndiyo inayonitesa, kwamba ana sababu. Lakini nikiwaza askari wanaingia msituni kuwatoa akina mama na watoto wao, naona chanjo zitakazopigwa siku ile na naona mengine yatakayofanyika siku ile, na hayo yatakuwa na jina langu. Lazima niinyamazishe hii pikipiki.

19 Oktoba

Polycarpe amegundua kitu. Alinifanya niwashe, akapitisha mkono karibu na mahali bomba linapoingia kwenye injini. "Ona," akasema, "inavuta hewa." Pale panatakiwa pete ya kuziba, na pete haipo, mmoja wa wale watatu walionitangulia ameila. Ukiachia gesi, hewa baridi inaingia bombani, inakutana na moto, na ndipo inapokohoa.

Anataka shaba laini. Katika Masisi nzima shaba niliyoijua ilikuwa moja tu, bangili ya marehemu mama mkwe, iliyo mkononi mwa Adelaïde.

20 Oktoba

Nimemwomba. Aliendelea na kazi zake tangu misa mpaka jioni. Kisha akaivua kwa sabuni, akaiweka mezani.

"Ni juu ya batoto ba Buleusa," akasema. "Haiko juu ya ile pikipiki yako."

24 Oktoba

Polycarpe ameichoma bangili kwenye makaa mpaka ikawa laini, ameipiga nyundo, ameikata, ameiingiza. Tumekaza. Nimeiwasha, nimeachia gesi, nimeshika, nimeachia. Hakuna kikohozi! Injini inaimba taratibu kama mama anayetwanga akiwaza mambo yake. Polycarpe alicheza pale gereji. Mimi nilikaa juu ya tairi nikafumba macho.

2 Novemba, Karuba

Mshindo. Chini ya kilima, mahali palepale. Mkubwa kuliko wa mwanzo.

Nilitaka kuitupa mtoni. Safari hii Libérata hakulala chini. Watoto wa Gasana walikuwa wamejipanga kwenye ua wakingoja, wameziba masikio, wanacheka. Gasana akaniambia, "Sisi tumeshazoea. Hapa ni majani tu, muntu anakuona toka kule juu, anasema, ah, ni Papa Léonard."

Nikanywa maziwa yake bila kusikia ladha.

3 Novemba

Adelaïde ameuliza. Nimemwambia. Ametazama mkono wake mtupu, akaenda kulisha kuku.

4 Novemba

Mvua.

5 Novemba

Mvua. Mchuuzi wa chumvi hajapita wiki hii. Watu wanasema njia ya machimbo imefungwa kwa ajili ya ndui.

7 Novemba

Polycarpe anasema pete ni nzima, bujia ni nzima, kila kitu ni kizima. "Basi ni shetani," akasema, na hakucheka.

12 Novemba, Karuba

Naandika nikiwa kwa Gasana, chini ya mablanketi mawili. Malaria. Ilinikamata Bihambwe asubuhi na nikaona heri nirudi kabla sijaanguka. Njia yote meno yalikuwa yanagongana. Kilima cha Karuba nilikishuka sijui nilivyokishuka. Nilishikilia usukani tu na kumwomba Mungu asiulegeze.

Libérata alinipokea akanilaza. Jioni homa ilipopungua Gasana akaja na uji.

"Leo umepita sawa mwizi," akasema. "Batoto walizibaka masikio bure. Hata ng'ombe haikuinua kichwa."

"Haikulia?"

"Haikulia."

Nililala nikitazama majani ya paa. Nilikuwa nimefanya nini tofauti? Sikufanya kitu. Nilikuwa nimechoka mno hata kufanya kitu. Sikubadilisha vitesi, sikuzima kontak.

Sikuzima kontak.

13 Novemba, Karuba

Miguu bado inatetemeka, lakini sikuweza kungoja. Gasana amefukuza ng'ombe bonde la pili. Nimepanda kilima, nimeteremka na injini ikinguruma: kimya. Nimepanda tena, nimeteremka nimezima kontak kwa ujanja wa Polycarpe, nimeifungua chini: mshindo. Nimerudia ili nisijidanganye. Ni vilevile.

Sasa naelewa, na kuelewa kwenyewe kunachosha. Ukizima kontak huku vitesi imekamata, injini inaendelea kuzunguka. Inavuta petroli na haiichomi, inaisukuma mbichi ndani ya bomba, tangu juu mpaka chini. Bomba linajaa. Ukifungua kontak, cheche moja, na yote inalipuka kwa pamoja. Tunadhani tunaibania petroli, kumbe tunaimwaga njiani na kuwasha bunduki mlangoni mwa watu.

Yalikuwa magonjwa mawili, na mimi nikatibu moja nikidhani ni lile lile. Mara ngapi nimewaona watoto wenye malaria na minyoo pamoja? Nimewafundisha wengine kuangalia. Bangili ya Adelaïde ilitibu kikohozi. Mshindo ulikuwa mkono wangu mwenyewe, ukigeuza ufunguo.

16 Novemba, Masisi

Nimemwambia Polycarpe. Alikuna kichwa muda mrefu.

"Lakini sisi bote tunafanyaka vile," akasema.

"Njo vile," nikasema.

Kwa Édouard nimeomba siku kumi. Amenipa. Barua ya askari ameshaiandika, lakini ameiweka chini ya jiwe la mezani, na mbele yangu akaongeza jiwe la pili juu.

20 Novemba

Mvua haikatiki. Daraja la miti limekwenda na maji. Ninangoja wenyeji walitengeneze.

26 Novemba, Buleusa

Naandika polepole ili nisisahau.

Nimeshuka kilima cha mwisho na injini ikiwaka, gesi kidogo, breki za kuogopesha, mguu mmoja unakokota matope. Hakuna sauti kubwa kuliko mnyama mwenye kukoroma. Nikapiga kona.

Walikuwepo wote. Kuwaona tu kulinishtua. Nilikuwa nimezoea Buleusa kuwa ya kuku. Na wao walishtuka zaidi. Akina mama wakanyakua watoto. Wanaume wawili wakainua mapanga. Nikazima, nikashuka, nikainua mikono, mkoba ukaning'inia shingoni. Walikuwa karibu kukimbia. Niliona uzito wa miili yao umekwisha hamia vidoleni mwa miguu.

Nzabandora akatoka barazani, akaja moja kwa moja kwangu akikunja shati.

Mama mmoja akasogea nyuma yake, mtoto mgongoni, mwingine amemshika sketi. Jina lake Geneviève. Alinitazama mimi, akatazama chungu kwenye mafiga, akanitazama tena.

"Ni wewe njo ulitiaka maji mu maharagi yangu?"

Nikasema ni mimi.

"Safari zote mbili?"

"Zote mbili, Mama."

Akawageukia wengine, waliodhani mimi ni askari. "Niliwaambia. Soda hawezi kutia maji mu maharagi ya muntu. Soda anakula."

Kapita, yaani mkuu wa kijiji, Raphaël, hakuteremsha panga. "Na masasi?" akaniuliza, kidole kikinielekea kama mtutu. "Tulisikia masasi. Kila mara ukikuja, masasi njo inatangulia."

Nikawaeleza ilikuwa pikipiki. Walitazama ile pikipiki ndogo, iliyojaa matope mpaka masikioni, wakanitazama mimi. Hakuna aliyeamini. Nilianza kueleza petroli na bomba, nikaona nyuso zinafungwa moja baada ya nyingine, kama tunavyofunga sisi tunapoelezwa mambo ofisini.

Geneviève akanikata. "Ilize. Tusikie na macho yetu."

Basi msimu mzima nilitafuta dawa ya mshindo huu, nimemvua mke wangu bangili ya mama yake, na leo naombwa niurudishe. Vijana wakanisukumia pikipiki kilimani mpaka kwenye kona. Nikawaambia wote wakae mahali wanaponiona. Nikazima kontak, nikaacha vitesi ya pili ikamate, nikateremka mbele ya macho yao mpaka katikati ya kijiji, nikageuza ufunguo.

Ulipiga kama siku ya kwanza. Nusu yao walikuwa chini kabla sauti haijarudi kutoka bondeni. Wengine walifika migombani. Mtoto akalia. Mimi nilibaki nimekaa juu ya pikipiki, moshi ukitoka nyuma yangu, na sijawahi kutamani kusamehewa kama dakika ile.

Kisha tukasikia kicheko. Ni Nzabandora. Hakusikia kitu, aliona tu kijiji kizima kimelala chini na moshi mmoja mdogo kutoka kwenye kitako cha pikipiki, na alicheka mpaka akajishika nguzo.

Wakaanza kuinuka. Raphaël akaja, akainama, akatia kidole kwenye tundu la bomba, akakitazama cheusi.

"Njo hii?"

"Njo hii, Papa."

"Tulilala mu pori, mvua inatunyeshea, juu ya hii?"

Hapo hakucheka mtu. Nilimwambia ndiyo, nikamwambia naomba radhi, na nilimaanisha. Aliangalia njia inayoingia msituni, ambayo mwaka jana waliikimbilia kwa sababu ya bunduki za kweli, si ya pikipiki. Kisha akalaza panga chini na kuvua koti, akatoa mkono. Wengine wakapanga mstari nyuma yake bila kuambiwa.

Nimechanja mpaka vidole vimekufa ganzi. Jioni Geneviève alinipa sahani ya maharagwe, akakaa kando kuona kama nakula. Nilikula yote. Yalikuwa na chumvi nyingi na sikumwambia.

27 Novemba, Buleusa

Naondoka. Ndui ikija itakuta milango imefungwa, na barua ya Édouard itabaki chini ya mawe yake. Adelaïde nitamwambia bangili yake iko kazini, na haijakohoa hata mara moja.

Geneviève amenisindikiza mpaka kijito. Nilimhakikishia kwamba tangu leo nitapita kimya, hatasikia tena ule mshindo.

"Hapana," akasema. "Ukirudi, ilize tena hapa chini. Tukisikia, tutajua ni wewe, tutaweka maharagi ku moto."